Mtoto Anayeogopa Daktari wa Meno: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Hata Yule Anayeogopa Mwenyewe

Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto hukutana na daktari wa meno kwa mara ya kwanza akiwa hajalala usiku kucha. Jino limemuuma tangu juzi, karafuu imewekwa haikusaidia, shavu limeanza kuvimba, na wanaompeleka wanajua kabisa kwamba wanakwenda kung'oa. Hajawahi kukiona kile kiti. Hajawahi kulala chali mbele ya mtu aliyevaa barakoa. Na fizi yenyewe haigusiki. Halafu tunashangaa akipiga kelele.

Nimefanya kazi kwenye kliniki ya kinywa na meno muda wa kutosha kuamini kwamba hofu nyingi ya watoto wetu inatokana na mpangilio huo: safari ya kwanza inakuwa ya maumivu. Mpangilio huo ukibadilika, kazi inayobaki ni ndogo kuliko mzazi anavyodhani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mzazi, unaingia nyumbani, unapita kwenye safari isiyo na matibabu yoyote, ndipo ufike kwenye siku ya sindano na koleo. Kama mtoto wako anaumwa sasa hivi, ruka hadi sehemu ya "Kama jino tayari linauma", kisha urudi huku juu akishapona.

Hofu inaingilia wapi

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza kwamba hofu humwingia mtu kwa njia tatu: kupatwa na jambo mwenyewe, kumwona mwenzake akiliogopa, na kuambiwa. Kwenye meno, watoto wetu huzipata zote tatu, na ile ya tatu ndiyo tunayoipuuza zaidi.

"Ukiendelea na pipi hizo nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno yote." "Nyamaza, la sivyo namwita daktari akuchome sindano." Maneno haya husemwa na watu wanaompenda mtoto: mama, bibi, kaka mkubwa, hata dereva wa basi la shule. Kwa miaka mitatu mtoto anaambiwa kwamba daktari ni adhabu, kisha asubuhi moja anaambiwa, "Twende kwa daktari, ni mtu mzuri." Anachouliza moyoni ni kosa gani amefanya.

Kwa hiyo kabla ya lolote, kaa na watu wote wanaomlea mtoto, dada wa kazi akiwemo, mkubaliane kwamba daktari, sindano na polisi havitumiki tena kumtishia. Hilo halina gharama, na litawasaidia hata siku za chanjo.

Hatua ya kwanza: mzazi ajichunguze

Mtoto mdogo akilazwa kwenye kiti kile, macho yake hayamtazami daktari. Yanautafuta uso wa mama. Nimewaona akina mama wanaosema "usiogope mwanangu" huku wamebana taya, vidole vimeganda kwenye mkoba, na wanavuta pumzi kwa nguvu kila chombo kinapochukuliwa mezani. Mtoto anasikia maneno, lakini anaamini kile anachokiona usoni.

Kama wewe mwenyewe uling'olewa jino utotoni huku umeshikwa mikono na miguu, hofu yako ina sababu, wala si aibu. Ila usimrithishe mtoto. Fanya haya:

Nenda ukaangaliwe meno yako kwanza, wiki kadhaa kabla ya mtoto. Mwambie daktari waziwazi, tangu mapokezi, kwamba unaogopa. Tunaambiwa hivyo kila siku, na tukijua tunakwenda polepole. Mwombe mkubaliane ishara ya kusimama: ukinyanyua mkono wa kushoto, anatoa vyombo mdomoni. Watu wazima wengi hutulia pale tu wanapogundua kwamba ishara hiyo inaheshimiwa. Ganzi za leo, mikononi mwa mtu anayesubiri ishike kabla ya kuanza, si zile unazozikumbuka.

Ukiona bado huwezi kuingia chumba kile bila kutetemeka, mtume mtu mwingine. Baba, shangazi, mjomba, bibi mwenye moyo mtulivu, yeyote ambaye mtoto anamwamini. Wazazi wengine huona huko ni kumtelekeza mtoto. Mimi naona ni upendo wa hali ya juu, kwa sababu umempa mtoto uso anaoweza kuutegemea.

Kama ni lazima uende wewe, jizoeze pumzi: vuta ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita, mara tano au sita ukiwa bado kwenye benchi la nje. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hushuka. Mfundishe na mtoto, mwambie anapuliza chai ya moto.

Hatua ya pili: chagua mahali, na upige simu kabla

Madaktari bingwa wa meno ya watoto ni wachache kwetu, wengi wako miji mikubwa. Hilo lisikukatishe tamaa. Tabibu wa kinywa na meno wa kituo cha afya, mwenye subira na mazoea ya watoto, anafaa kabisa kwa safari za mwanzo.

Ukipiga simu au ukipita mwenyewe, uliza: Je, mnapokea watoto wadogo? Naweza kumleta aone tu na ahesabiwe meno, bila kufanyiwa chochote? Mzazi anaruhusiwa kuingia naye? Siku gani na saa ngapi hakuna foleni? Mnampaka dawa ya kulaza fizi kabla ya kumchoma ganzi? Sikiliza pia namna unavyojibiwa. Mahali ambapo wanakuambia "mlete tu, tutamshika" ni pa kwendea siku ya dharura, si siku ya kwanza.

Omba saa za asubuhi, mtoto akiwa ameshakula na hajachoka. Saa saba mchana, wakati wa usingizi wake, hata mtoto jasiri hulia.

Kuhusu umri: ushauri wa kitaalamu ni kumpeleka ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza lichomoze, au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Najua wengi watacheka. Mtoto wa mwaka mmoja ana meno mangapi? Machache, lakini safari hiyo huchukua dakika chache. Mzazi na daktari hukaa wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto amepakatwa na mama, kisha analazwa taratibu kichwa kikifika mapajani mwa daktari. Anauona uso wa mama muda wote, mama ameshika mikono yake. Akilia, mdomo umefunguka wenyewe, daktari anaangalia na kumaliza. Mtoto anarudishwa kifuani. Akifika miaka mitatu amekwishakiona chumba kile mara kadhaa wala hakumbuki lini alikiona kwanza.

Hatua ya tatu: mazoezi ya nyumbani

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na mtoto huiona mchezo tu. Anza wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe.

Siku za mwanzo mtoto awe daktari na wewe uwe mgonjwa. Ingia ukisema, "Shikamoo daktari," naye aitikie "marahaba" kwa maringo. Mpe tochi ya simu na kijiko kidogo. Lala kwenye mkeka, fungua mdomo, ahesabu meno yako kwa kuyagusa na mpini wa kijiko. Ukinyanyua mkono, lazima aache. Hapo amejifunza ishara ya kusimama bila somo lolote.

Baadaye badilishaneni. Sasa yeye ndiye anaingia na "shikamoo daktari". Usiipuuze salamu hiyo: siku ya kweli inampa mtoto jambo analolijua la kusema na kuitikiwa, na daktari anaacha kuwa mgeni. Mlaze kichwa mapajani kwako, mwangaze, hesabu meno mawili tu siku ya kwanza, kesho matano, kesho kutwa yote. Meno ya utotoni yakitimia ni 20, kumi juu na kumi chini, na watoto hupenda sana kujua idadi yao.

Kisha zoesha vitu vinavyotisha zaidi, kimoja kimoja. Barakoa: ivae wewe ukiwa unapika, mtoto aone macho yale yale juu yake. Kulala chali. Mlio: mashine ya kusafishia jino hulia kwa sauti nyembamba inayofanana na blenda, basi mwambie aiwashe blenda mwenyewe na aizime mwenyewe. Fikiria ilivyokuwa kwa kinyozi. Mara ya kwanza mlio wa mashine ulimliza, leo anakaa kimya anajitazama kwenye kioo, na hakuna aliyemhubiria. Alizoea.

Na harufu. Watu wengi husema hofu huwapanda mara tu wanapoingia mlangoni, kabla hawajaona chombo chochote, kwa sababu ya ile harufu ya kliniki. Harufu hiyo kwa sehemu kubwa ni mafuta ya karafuu, ambayo huchanganywa kwenye dawa za kuzibia jino kwa muda. Mchukulie mtoto karafuu kutoka kwenye mkebe wa viungo vya pilau, aisage kidogo, ainuse. Mwambie, "Kule kwa daktari kunanukia hivi." Mtoto anayefika mlangoni na kusema "kunanukia pilau" ameshafika mbali.

Maneno ya kusema na ya kuacha

"Usiogope" humwambia mtoto kwamba kuna cha kuogopwa. "Haiumi" humfanya afikirie maumivu, na ikiuma hata kidogo umeshakuwa mwongo. Acha yote mawili. Sema kitakachotokea, kwa mpangilio wake, kwa maneno mepesi: "Tutakaa kwenye benchi. Tutaitwa jina. Utapanda kiti kinachopanda na kushuka. Daktari atawasha taa, atahesabu meno yako kwa kioo kidogo. Halafu tutarudi nyumbani." Mtoto wa miaka mitatu au minne aambiwe asubuhi ileile au jana yake jioni. Wa miaka saba na kuendelea aambiwe siku kadhaa mapema, apate nafasi ya kuuliza.

Lazima atauliza: "Nitachomwa sindano?" Wazazi hapa hukimbilia "hapana kabisa", na wengine humwambia mtoto kwamba wanakwenda kununua aiskrimu. Mtoto akishagundua alidanganywa, hatamwamini daktari wala wewe safari ijayo. Kama ni safari ya kuangaliwa, sema ukweli: "Leo daktari anahesabu tu. Siku ikihitajika, atakuambia kwanza, na atakupaka dawa ya kulaza fizi." Kama ganzi itahitajika leo, sema: "Fizi italazwa usingizi. Utasikia kama umefinywa, uhesabu hadi kumi, halafu mdomo utakuwa mzito." Kufinywa anakujua, kwa hiyo hatashtuka.

Hatua ya nne: safari ya kuzoea

Lengo la safari hii ni mtoto atoke akiwa ameshinda. Kama ameketi kwenye kiti na akaonyesha meno ya mbele tu, ameshinda. Usimwombe daktari "kwa kuwa tumeshafika, ziba na lile".

Daktari mzuri wa watoto atatumia utaratibu uliojulikana tangu 1959: mwambie, mwonyeshe, ndipo umfanyie. "Hiki kinapuliza upepo. Nipe kidole chako, umeusikia? Sasa naupuliza kwenye jino moja." Kile kibomba cha kufyonza mate kinajaribiwa kwanza kiganjani. Ukiona daktari anaruka hatua, una haki ya kusema kwa upole, "Daktari, naomba umwonyeshe kwanza."

Wewe kaa upande wa miguu, mkono wako umetulia kwenye goti lake, na unyamaze. Najua ni vigumu. Lakini chumba chenye sauti tatu, daktari anasema "fungua", mama anasema "fungua zaidi", bibi mlangoni anasema "mwacheni mjukuu wangu", humchanganya mtoto asijue amtii nani. Sauti iwe moja, ya daktari.

Akikataa kabisa je? Kuna makosa mawili yanayovutana. Ukimbeba na kukimbia naye katikati ya kilio kikali, anajifunza kwamba kulia ndiko kunakoondoa kiti kile. Ukimlazimisha, anajifunza kwamba hakuna anayemsikiliza. Njia ya kati ni kuipunguza kazi mpaka iwezekane. Haiwezekani kulala? Ahesabiwe ameketi. Haiwezekani kwenye kiti? Apakatwe. Hataki kioo? Daktari aangalie kwa tochi jino moja la mbele. Afanye kitu kimoja kidogo, asifiwe kwa kitu hicho, muage vizuri, mtoke. Safari ijayo mnaanzia hapo.

Sifa iwe mahususi. "Umefungua mdomo hadi daktari akahesabu kumi" ina uzito kuliko "mtoto mzuri". Zawadi ndogo baadaye si mbaya, kalamu ya rangi au stika, lakini usiiahidi kwa sauti ya kubembeleza mlangoni, maana mtoto huelewa kwamba dau kubwa ni kwa ajili ya jambo baya. Na pipi isiwe zawadi ya kutoka kwa daktari wa meno.

Hatua ya tano: siku ya matibabu

Hapa wazazi wengi wanajua tiba moja tu, kung'oa, kwa sababu ndiyo waliyoiona maishani. Ziko nyingine, na baadhi hazina sindano wala mashine. Ziulizie.

Ya kwanza, iliyozaliwa hapa kwetu Tanzania, ni kuziba kwa vyombo vya mkono. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya kinywa wa shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabiliwa na vijiji visivyo na umeme wa kuendesha mashine. Wakasafisha sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, wakaziba kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kuachia kidogokidogo floraidi, madini yanayolinda jino lisioze. Waliofanyiwa hawakusikia mlio wowote, na mara nyingi hawakuhitaji ganzi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo, na leo inatumika dunia nzima kwa watoto wanaoogopa, hata penye umeme wa kutosha.

Ya pili ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Inapakwa kwa brashi ndogo kwenye tundu la jino, na inasimamisha uozo kwa kiasi kikubwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni moja ya wazi: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na hubaki hivyo. Kwa gego la utotoni la mtoto wa miaka minne anayepiga kelele akiona kioo, mimi ningechagua weusi kuliko vita. Kwa jino la mbele, mzazi apime mwenyewe. Dawa hii haifai kama uozo umeshafika kwenye mshipa wa jino na linauma usiku.

Kama ganzi inahitajika, omba ile dawa ya kupaka iwekwe kwenye fizi iliyokaushwa na iachwe dakika moja au mbili kabla ya sindano. Sindano ya ganzi ikisukumwa taratibu huuma kidogo tu, ikisukumwa haraka huuma sana. Daktari mwenye haraka ndiye anayeifanya ikumbukwe. Baada ya sindano, asubiri, kisha ajaribu fizi kabla ya kuanza. Mtoto akinyanyua mkono na kusema anasikia, aaminiwe na aongezewe ganzi ndani ya kipimo cha uzito wake. Watoto husema "inauma" wakimaanisha kusukumwa, ni kweli, lakini kumpuuza aliyekuwa akisema kweli ndiko kunakozaa mtu mzima asiyekanyaga kliniki kwa miaka ishirini.

Na kushikwa kwa nguvu? Mtoto mdogo aliyepakatwa na mama kwa dakika mbili ili aangaliwe, sawa. Usaha unaotishia maisha na hakuna njia nyingine, sawa, kwa makubaliano na mzazi. Lakini kumkandamiza mtoto wa miaka mitano watu watatu ili kuziba jino ambalo lingeweza kusubiri wiki tatu za kuzoeshwa, hapana. Una haki ya kusema "tusimame hapa, tutarudi".

Kwa watoto ambao hofu yao ni kubwa mno, au wenye meno mengi ya kutibiwa kwa pamoja, baadhi ya hospitali kubwa hutoa gesi ya kutuliza au nusukaputi. Nusukaputi hufanyika chumba cha upasuaji, na mtoto hukaa bila kula kwa muda atakaoelekezwa. Yafuate maelekezo hayo bila kumhurumia kwa chai, kwa sababu chakula tumboni wakati wa usingizi ule ni hatari ya kweli.

Mtoto mwenye usonji anahitaji mpangilio wake. Omba awe wa kwanza asubuhi, daktari awe yuleyule kila safari, mwandalie picha za hatua moja moja, na umruhusu miwani ya jua dhidi ya taa na vipokea sauti vya masikioni dhidi ya mlio. Kwake "kuzoea" kunaweza kuchukua safari tano badala ya mbili.

Kama jino tayari linauma

Hapa hakuna muda wa mazoezi ya wiki mbili, lakini ukweli na salamu bado vinawezekana.

Mpe parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kama kilivyoandikwa kwenye chupa. Usimpe aspirini. Usinunue vidonge vya antibayotiki dukani kwa kukisia. Maumivu yanaweza kutulia siku mbili na ukadhani amepona, kumbe usaha uko palepale.

Usisubiri "lipoe". Sababu ni hii: fizi yenye usaha ina asidi nyingi, na ganzi haifanyi kazi vizuri penye asidi. Mtoto aliyeletwa siku ya pili ya maumivu hushika ganzi kwa urahisi kuliko aliyeletwa siku ya nane shavu likiwa limejaa. Kumcheleweshea kwa kumhurumia ndiko kunakomuongezea maumivu anayoyaogopa.

Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au unapanda hadi jicho, homa kali, mdomo haufunguki, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, au anapumua kwa shida, hiyo si safari ya kliniki ya kesho. Nenda hospitali usiku huohuo.

Njiani mwambie ukweli kwa kifupi: "Jino lako linaumwa. Daktari atalilaza, halafu atalitoa, na lile linalokuamsha usiku litaondoka." Mwambie pia anaweza kuomba jino lake arudi nalo. Wengi wetu tulirusha meno yetu juu ya paa tukiomba mapya, na mtoto aliyebeba jino lake mfukoni anarudi na hadithi ya kusimulia.

Baada ya kung'oa, ang'ate pamba dakika 20 hadi 30. Siku hiyo asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija. Mdomo hubaki na ganzi saa mbili au tatu, na watoto hujitafuna mdomo bila kujua, jioni ukavimba wakadhani ni daktari aliyewaumiza. Usimpe chakula cha kutafuna mpaka ganzi iishe, na mkae naye karibu.

Jioni ya siku hiyo

Kumbukumbu ya mtoto huendelea kuundwa baada ya tukio, na wewe umo ndani ya uundaji huo. Usimsimulie jirani mbele yake, "Huyu kalia jamani, watu wamejaa mlangoni." Muulize, "Ulifanya nini vizuri leo?" Kama amesahau, mkumbushe kitu cha kweli: alisalimia, alinyanyua mkono, alihesabu hadi kumi. Kisha mpigieni bibi simu asimulie mwenyewe. Hadithi anayoisimulia leo ndiyo atakayokwenda nayo safari ijayo. Kama jambo lilimuumiza kweli, likubali: "Ndiyo, ile sindano iliuma kidogo, ukahesabu ikaisha."

Ili matibabu yawe machache

"Si meno ya utotoni tu, yatatoka." Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12, na mtoto anayatafunia miaka yote hiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyotoboka, kwa hiyo mwanao akiwa mmoja wao hujashindwa ulezi. Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele hadi miaka mitatu, kiasi cha njegere baada ya hapo. Mpigie wewe mpaka afike miaka saba au minane, maana mkono wake hauwezi kufika nyuma vizuri. Soda, juisi na chai ya sukari viwe wakati wa chakula. Kinachooza meno zaidi ni kunywanywa kutwa nzima, na chupa ya maziwa kitandani.

Angalia pia mtoto anapofika miaka sita: gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya yote bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni wakaliacha litoboke. Muulize daktari kama linaweza kuzibwa mifereji yake mapema. Ni kazi isiyo na sindano, na inafaa sana kuwa tiba ya kwanza ya mtoto mwoga.

Kabla hujaondoka mapokezi, omba tarehe ya kurudi baada ya miezi 6, hata kama meno yote ni mazima. Yakiwa mazima ndiyo vizuri zaidi. Mwache mtoto aone tarehe ikiandikwa kwenye kadi yake, na akiweza kuandika, aiandike mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani mkifika nyumbani.